Rangi Ziwe Ndani

Aliilaza bangili mezani, akaipitisha kidole ukingoni, kisha akasema, "Dada, imependeza. Imependeza sana. Lakini nina ombi. Igeuze. Rangi ziwe ndani."

Nilidhani sikumsikia sawasawa.

Bangili yenyewe ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole viwili, na juu yake nilikuwa nimeshona safu sita za shanga ndogo: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Kila safu imenyooka, kila ushanga umekaa mahali pake. Naye sasa alitaka kinyume chake. Nje ibaki ngozi tupu ya kahawia isiyomshtua mtu ndani ya matatu, na shanga zilalie upande wa mshipa, asizione yeyote ila yeye mwenyewe usiku anapoivua.

"Zitakukwaruza," nikamwambia.

"Zikinikwaruza nitajua zipo."

Sikuwa na jibu. Niliichukua bangili, tukaagana, akashuka ngazi. Ombi lake halikushuka naye. Limebaki hapa kwenye meza yangu ya kazi wiki baada ya wiki, na kila nikishika sindano nalisikia.

Ninatunga shanga kwa ajili ya watu wa upinde wa mvua, yaani wapenda jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, na mimi ni mmoja wao. Kazi hii niliianza kwa furaha moja: mtu wetu avae kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kwa kipimo chake, kinachosema yeye ni nani na kusema vizuri. Sasa mtu ananilipa nikinyamazishe.

Nikishona rangi zikatazama ndani, ninasherehekea nini?

## Siku 5 kwa hereni

Hofu yake naielewa, wala si hofu ya Nairobi peke yake. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Urusi ilitangaza kwamba kile ilichokiita harakati ya kimataifa ya LGBT, yaani ya watu wetu, ni kundi la itikadi kali. Haikupita miezi mitatu, mwanamke mmoja katika mji wa Nizhny Novgorod akahukumiwa siku 5 kizuizini. Hakuandamana wala hakuhutubia mtu. Alikuwa mkahawani na mwenzake, amevaa hereni zenye rangi za upinde.

Hereni.

Niliposoma habari ile niliinua jozi iliyokuwa mbele yangu nikaiweka kiganjani. Hereni za shanga hazina uzito wa kutajika. Ukizivaa asubuhi, ikifika saa sita umeshazisahau. Tangu siku hiyo, kila nikifunga kulabu ya hereni nakumbuka kwamba kuna mahali pambo la ukubwa huu limemlaza mtu rumande.

Malaysia nako, Mei 2023, maofisa wa serikali waliingia katika maduka ya Swatch wakaondoka na saa 172 zenye rangi za upinde. Agosti ikatangazwa kwamba mwenye kuzivaa au kuziuza anaweza kufungwa hadi miaka 3. Kampuni ikaenda mahakamani, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Kuala Lumpur ikaamuru saa zirudishwe. Na karibu na kwetu zaidi, Januari 2023, mnara ulio katika bustani ya watoto Entebbe ulipakwa rangi upya baada ya watu kulalamika kwamba umepakwa rangi za upinde.

Hapa Kenya sheria mnaijua: vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya wapenda jinsia moja, adhabu hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Vifungu hivyo vinazungumzia vitendo. Havitaji bangili. Lakini mwenye nyumba hasomi vifungu. Mwajiri hasomi. Kijana wa kwenye kona anayetafuta sababu ya kukuzingira hasomi chochote, anaangalia mkono wako tu. Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba shirika la kutetea haki za watu wetu haliwezi kunyimwa usajili, wengi wetu tulilia kwa furaha. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Nami nakumbuka kwamba wateja waliokuja kwangu miezi ile karibu wote walitaka vitu vidogo: pete nyembamba, ushanga mmoja kwenye kamba, kitu cha kuficha kwenye ukosi wa shati.

Uganda ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Mei 2023 inaadhibu hata "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, kifungo hadi miaka 20, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Mteja wangu mmoja yuko Kampala. Aliponiandikia akiomba mkufu nilikaa na ujumbe wake muda mrefu kabla ya kujibu. Bahasha inaweza kufunguliwa mpakani. Jina lililoandikwa juu yake ni lake, si langu. Mimi nitakuwa hapa nikinywa chai yangu.

Mwishowe alichagua mwenyewe: pete ya pembe ya ng'ombe, nyeusi, isiyo na rangi nyingine yoyote. Ni mtu asiyevutwa na mapenzi ya mwili, na watu wa namna yake, tangu mwaka 2005, wamekuwa na desturi ya kuvaa pete nyeusi kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia. Afisa wa forodha ataona pete. Mwenzake atakayempa mkono wa salamu ataona zaidi ya hapo.

Nilipoifunga pete ile kwenye karatasi, bangili iliyogeuzwa ilikuwa bado mezani, nusu imeshonwa.

## Waridi ndiyo rangi ngumu

Niseme kidogo kuhusu rangi, kwa sababu watu hudhani kazi hii ni kununua shanga za rangi saba na kuzitunga.

Bendera ya kwanza ya upinde ilipandishwa San Francisco tarehe 25 Juni 1978. Gilbert Baker ndiye anayetajwa zaidi, lakini Lynn Segerblom na James McNamara walikuwa naye, pamoja na watu wa kujitolea wapatao 30 waliochovya vitambaa kwenye mapipa ya rangi kwa mikono yao. Ilikuwa na mistari 8. Wa juu kabisa ulikuwa wa waridi iliyokolea. Mwezi Novemba mwaka huo Harvey Milk, diwani wa mji huo na mmoja wa watu wetu, akauawa, watu wakaitaka bendera kwa wingi, na kitambaa cha waridi ile hakikupatikana cha kutosha. Waridi ikaondoka. Mwaka 1979 feruzi nayo ikaondolewa, ili bendera igawanyike nusu kwa nusu kwenye nguzo za taa za barabarani. Zikabaki 6.

Nilipoijua historia hii niliwapenda watu wale zaidi. Kumbe wao pia walisimama dukani wakaambiwa rangi hiyo imekwisha.

Mimi na waridi tuna ugomvi uleule. Shanga ndogo za kioo tunazotumia, zikiwemo nyingi zinazovaliwa na Wamaasai, hutengenezwa Ucheki, upande wa Jablonec. Namba 11 ninayoipenda ina upana wa milimita 2 hivi. Nyekundu, kijani na buluu ni rangi za kioo chenyewe, zitadumu kuliko sisi. Waridi ya kweli mara nyingi huhitaji dhahabu kidogo ndani ya kioo kikiyeyushwa, kwa hiyo ni ghali. Ile ya bei nafuu ni kioo cheupe kilichopakwa rangi juu. Jasho huila. Jua huila. Manukato ndiyo huimaliza. Zambarau nayo haiko mbali.

Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko, naomba shanga chache. Nusu nazitia kwenye chupa ya spiriti, nusu naziacha dirishani zipigwe na jua, kisha nasubiri. Muuzaji wangu amezoea, siku hizi ananiwekea kando zile anazoziamini.

Kwa nini taabu yote hii? Chukueni bendera ya waliobadili jinsia, aliyoibuni Monica Helms mwaka 1999. Mistari 5: samawati, waridi, nyeupe, waridi, samawati. Helms aliipanga hivyo ili hata ukiipandisha juu chini, iwe sawa. Kwa mtunga shanga hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu bangili haina juu wala chini, inazunguka mkononi ipendavyo. Sasa fikiria waridi imefifia. Kama aliyeivaa ni mwanamke, amebaki na samawati na nyeupe. Ameachiwa ile rangi waliyompa alipozaliwa, na ile aliyoipigania imeoshwa na jasho lake mwenyewe.

Siwezi kumuuzia mtu kitu kama hicho. Afadhali nikae bila mauzo.

## Kipimo

Kuna mambo niliyafahamu kwa kusikiliza tu mezani hapa, na la kwanza ni kwamba mtu anaweza kukataliwa na kipimo kabla ya kukataliwa na mtu.

Nenda duka lolote la mapambo mjini. Bangili za "kike" zimekatwa kwa mkono wa sentimita 16 au 17. Pete za "kike" zinaishia pale ambapo vidole vya wanawake wengi niwajuao ndipo vinaanza. Mwanamke aliyebadili jinsia anaingia, anapenda kitu, anakijaribu, hakipiti kwenye kifundo, na muuzaji anasema kwa sauti ya kusaidia kabisa, "Za wanaume ziko upande ule." Hakuna aliyemtukana. Lakini ametoka dukani mikono mitupu, na akirudi tena inabidi ajikaze.

Alipokuja kwangu mmoja wao nilimfunga uzi mkononi, nikasoma sentimita 20, nikaandika kitabuni. Basi. Akaniuliza kama hiyo ni kubwa mno. Nikamwambia ni sentimita 20.

Kuna wanaume wanaotaka hereni lakini nyumbani hawawezi kurudi wametoga masikio. Kwao natengeneza za kubana, ambazo zikivuliwa hazina alama. Kuna ambao ngozi zao huwashwa na chuma rahisi chenye nikeli. Kwao kulabu ni za fedha. Kuna mteja asiyeona vizuri, hawezi kutofautisha kijani na buluu hata mchana. Kwake kila safu niliipa shanga za umbo lake: nyekundu laini za mviringo, chungwa zilizochongwa ubavu, manjano ndefu nyembamba, na kuendelea hivyo. Anasoma upinde wake kwa kidole gumba. Nilimtazama akiusoma mara ya kwanza, akarudia, akarudia, nami nikajifanya natafuta mkasi.

Na hili la pambo la kike na pambo la kiume, sijui limetoka wapi likawa amri. Mimi nimezaliwa Mombasa. Wazee wa kiume niliowakuta walivaa pete za fedha zenye kito cha akiki, kubwa, za kung'aa, na walizipenda. Morani wa Kimaasai na wa Kisamburu hubeba shanga shingoni, mikononi na masikioni, na hakuna anayethubutu kumuuliza habari za uanaume wake. Mapambo ya wanaume tunayo tangu zamani. Aliyeyahamisha upande mmoja wa duka ni mwenye duka.

## Duara

Kazi iliyonifundisha zaidi mwaka huu ilikuwa kidani kimoja kidogo.

Aliyekiagiza ni huntha, mtu aliyezaliwa na mwili usio wa kike tu wala wa kiume tu. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na yeye aliniambia kwa tabasamu kwamba yumo kwenye hiyo namba. Alitaka bendera yao, iliyobuniwa na Morgan Carpenter huko Australia mwaka 2013: uwanja wa manjano, na katikati duara la zambarau. Rangi hizo zilichaguliwa kwa sababu hazina deni kwa buluu ya wavulana wala waridi ya wasichana. Na lile duara liko hivyo makusudi: halijakatika, halina pambo, halijapunguzwa kitu. Ni mwili uliotimia.

"Nina sharti moja," akasema. "Sitaki paonekane palipounganishwa."

Nilielewa mara moja, na nadhani nanyi mmeelewa. Watoto wengi wa aina yake wamekatwa na kushonwa kabla hawajajua kusema hapana. Hakutaka mshono kifuani pake.

Lakini kila duara la shanga lina mshono. Unatunga, unazunguka, unarudisha sindano kwenye ushanga wa kwanza, unafunga fundo. Pale penye fundo uzi unavuta kidogo, shanga mbili zinasogeleana kuliko nyingine, na jicho lililozoea linapaona. Duara la waya nalo lina mahali lilipochomewa. Nilijaribu kuficha fundo ndani ya tundu la ushanga, nikajaribu kurudisha uzi safu mbili nyuma. Mimi nilijua lilipo, na nilihisi naye angejua.

Ufumbuzi ulitoka Kibera, kwa fundi ambaye huyeyusha mabomba ya zamani na kufuli mbovu akapata shaba ya manjano ya kutengenezea vito. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Usiunganishe basi. Chimba." Akamimina kisahani kimoja cha shaba, kizima, akakichongea mfereji wa mviringo katikati. Shaba ikawa ndiyo ile manjano. Nami nikalaza shanga za zambarau ndani ya mfereji, moja moja, kwa gundi na kibano, bila uzi, bila fundo. Ushanga wa mwisho ulipoingia sikuweza kusema wa kwanza ulikuwa upi.

Mwenyewe alipokuja alikizungusha kwenye mwanga akitafuta. Hakupata. Akakivaa, kisha akakitia ndani ya shati, akafunga kifungo cha juu.

Ndani ya shati!

Kazi yote ile, na hakuna mtu barabarani atakayeiona. Nilitarajia kusikia uchungu uleule niliousikia kwa yule wa bangili. Sikuusikia. Nilikuwa nimemtazama usoni alipokuwa akifunga kile kifungo, na uso ule haukuwa wa mtu anayejificha. Ulikuwa wa mtu aliyepata chake.

Nikabaki najiuliza kwa nini hapa moyo wangu umetulia na kule haukutulia.

## Utunda wa bibi

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni.

Bibi yangu alivaa utunda, zile shanga za kiunoni. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Sisi watoto hatukuwahi kuuona. Tuliusikia. Akipita ukumbini alfajiri kwenda kutawadha, shanga zilisikika chini ya kanga, sauti ndogo ya kioo na kioo, na tulijua bibi ameamka. Zilikuwa rangi gani? Sijui hadi leo. Alizijua mwenyewe, na babu, na waliomwosha siku ya mwisho.

Hakuna mtu Mombasa aliyesema bibi anajificha. Hakuna aliyesema utunda ni pambo la aibu kwa kuwa halionekani. Thamani yake yote ilikuwa hapo, kwamba mwenye mwili ndiye aliyeamua nani aone na nani asikie tu. Na mwanamke huyohuyo, akiudhika na jirani, alijua kutafuta kanga yenye jina la kufaa, akajifunga, akapita mlangoni pake polepole ili maandishi yasomeke vizuri nyuma. Alikuwa na pambo la kusema hadharani na pambo la kunyamaza, juu ya kiuno kimoja, siku moja.

Nimekulia katika ufundi huo, halafu nikakaa wiki nyingi nikiumia kwa sababu mtu ameomba rangi ziguse ngozi yake.

Basi nikarudi kwenye bangili. Na hapo nikaona kwamba kugeuza ndani ni kazi kubwa kuliko ya nje. Shanga zilizochongwa haziwezi kukaa juu ya mshipa, lazima ziwe za mviringo na laini kabisa. Uzi usipite juu, utakatika kwa msuguano. Nilikata ngozi ya pili, laini, ya mbuzi, nikaizungushia ukingoni ili shanga zikae chini kidogo, zigusane na ngozi bila kuiuma. Zambarau na nyekundu nilizichagua ambazo jasho haliziwezi, kwa kuwa hapa jasho ndilo litakalozikuta kila siku. Kifungo nikakiweka upande ambao mkono mmoja unaweza kukifunga bila msaada, maana atakuwa peke yake anapoivaa.

Ilikuwa bangili bora kuliko ile ya kwanza. Alipokuja kuichukua hakusema mengi. Aliifunga, akakunja ngumi, akaikunjua, akaniuliza deni lake.

## Pembetatu

Muda si mrefu imani yangu hii mpya ikajaribiwa. Kijana mmoja aliagiza hereni za pembetatu ya waridi.

Alama hiyo Wanazi waliwalazimisha kuivaa kifuani wanaume waliofungwa kambini kwa kushtakiwa kupenda wanaume wenzao. Katika miaka ya 1970 wanaharakati wa Ujerumani waliichukua wakaivaa kwa hiari, na mwaka 1987 ikasambaa New York, imegeuzwa ncha juu, kwenye mabango yaliyodai serikali isinyamaze watu wakifa kwa UKIMWI.

Nilisita. Nilimwuliza kama anajua ilikotoka. Alijua kuliko mimi. Akaniambia anaitaka ncha juu, na kubwa.

Nikazitengeneza, na nilipokuwa nashona nilikuwa nafikiria kwamba umbo ni lile, rangi ni ileile, mwili ni wa mwanamume yuleyule anayempenda mwanamume. Kambini aliyeamuru ivaliwe alikuwa askari. Huyu ameniagiza mimi, ameniambia ukubwa, ameniambia upande wa ncha. Kile kilichonisumbua kwenye bangili nadhani kilikuwa hicho: nilikuwa natafuta jibu kwenye rangi, zionekane au zisionekane, ilhali swali lilikuwa ni nani aliyeamua. Mimi pia, fundi mwenye nia njema, ningeweza kumvalisha mtu alama asiyoiomba. Ningemgeuza bango la furaha yangu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye amekuwa katika harakati miaka mingi na amepigwa kwa ajili yake, hakubaliani nami. Anasema barabara haitatuzoea kama hatuonekani. Anasema bendera ya 1978 ilipandishwa juu uwanjani, haikushonwa ndani ya koti, na kwamba kila anayegeuza rangi ndani anamwachia mzigo aliyezivaa nje. Sina la kumjibu linalomtosha. Ana haki, na kovu lake liko juu ya jicho ambapo kila mtu analiona. Tumezungumza hadi usiku zaidi ya mara moja na tumeachana tukiwa pale pale, tukipendana. Yeye anavaa ukosi mpana wa shanga niliomtungia, wa kukaa begani wote, rangi zote 6, na unamwona akitokea ukiwa ng'ambo ya barabara.

Nilimtungia kwa moyo uleule.

## Kwa anayetaka kuagiza

Wengi mmeniuliza utaratibu, basi ni huu. Funga uzi mkononi, ukate unapokutana, unipigie picha ukiwa juu ya rula. Usiniambie kama ni mkono mkubwa au mdogo, niambie sentimita. Kwa pete, fanya hivyo kidoleni jioni, si asubuhi, vidole hubadilika. Kama unawashwa na chuma, sema mapema.

Kisha niambie unataka nani aione. Hilo ndilo swali nililoliongeza, na ninaliuliza kabla ya rangi. Wengine hujibu "kila mtu." Mmoja alijibu "mama," na tukakaa tukafikiri pamoja ni kitu gani ambacho mama angekipenda kwanza kabla hajakielewa. Wengine husema "mimi tu." Majibu yote nayafanyia kazi, na bei ya rangi za nje na za ndani ni moja, ingawa za ndani zinachukua muda zaidi.

Kama uko nje ya Kenya tuandikiane kwanza kuhusu bahasha: jina gani liandikwe, na kama ni salama kutuma. Panapokuwa si salama nitakwambia wazi, tutafute pembe au shaba tupu.

Shanga za waridi zimepanda bei tena. Sitabadilisha na za kupakwa, kwa hiyo anayetaka bendera ya Helms avumilie hadi mzigo mpya ufike. Hereni za kubana zipo sasa, jozi chache, fedha na pembe.